Nati zilizolegea: Stika ya ukaguzi pekee haimlindi abiria wa Mlima Kenya

MJADALA kuhusu usalama barabarani nchini Kenya kwa kawaida huzuka baada ya ajali kubwa, hutokota kwa majuma machache, kisha hufifia hadi maafa mengine yatokee. Katika mjadala huo hutajwa mwendo wa kasi, ulevi, uchovu wa madereva na hongo za barabarani. Jambo moja hutajwa kwa nadra: nati zinazoshikilia injini na magurudumu ya gari, na ni nani hasa mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba bado zimekaza.

Swali hilo lina uzito wa kipekee katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kutoka Othaya na Mukurwe-ini hadi mjini Nyeri, kutoka Karatina hadi Sagana, na kutoka Meru na Chuka hadi Embu, uchumi wa eneo hili huenda kwa magurudumu. Majani chai, kahawa, maziwa, viazi na mboga za soko la Karatina husafirishwa kwa malori na pikapu. Wafanyakazi, wanafunzi na wagonjwa husafiri kwa matatu. Gari hilo hilo huweza kuanza safari katika barabara ya mawe kijijini, likapita matuta kadhaa katika kituo cha biashara, kisha likaingia lami na kukimbia kuelekea Nairobi. Mtikiso wa mwendo kama huo ndio adui mkuu wa nati.

Mnamo 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) iliwasilisha kwa wananchi rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Pendekezo lililozua mjadala mkubwa zaidi lilikuwa la kutaka magari ya kibinafsi yaliyozidi umri wa miaka minne yakaguliwe kila mwaka, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likihusishwa zaidi na magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara. Wengi walijadili gharama. Wachache waliuliza kama ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unaweza kugundua hitilafu ambayo huzaliwa na kukomaa kwa siku chache.

Na hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Stika ya ukaguzi hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Nati huweza kulegea juma linalofuata.

Kanuni za Michuki

Wakazi wa eneo la kati hawahitaji kukumbushwa jinsi sheria inavyoweza kubadilisha sura ya uchukuzi. Aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, mbunge wa Kangema katika iliyokuwa wilaya ya Murang'a, ndiye aliyesukuma kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na ambazo hadi leo zinajulikana kwa jina lake. Matatu zililazimika kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, kuchorwa mstari wa manjano ubavuni, na kubeba idadi ya abiria iliyowekwa. Msongamano wa abiria waliosimama au kukaliana mapajani ulipungua kwa muda, na umma ukaona kwamba nidhamu inawezekana.

Kanuni hizo zilikuwa na sifa moja: takriban kila kitu zilichodai kilionekana kwa macho. Afisa wa trafiki aliweza kuhesabu abiria, kuvuta mkanda na kuona mstari wa manjano akiwa amesimama kando ya barabara. Hakuweza kuona nati iliyo chini ya injini.

Hatua zilizofuata zilijaribu kuziba pengo hilo kupitia taasisi. NTSA iliundwa kwa sheria ya 2012, na baadaye ikachukua kazi ya ukaguzi wa magari iliyokuwa mikononi mwa polisi. Kanuni za 2014 ziliwataka wamiliki wa magari ya umma kujiunga na kampuni au chama cha ushirika chenye angalau magari 30, ili pawe na mtu wa kuulizwa mambo yanapoharibika. Vyama vinavyohudumu Nyeri, Karatina na Nairobi, kama vile 2NK, vilikuwa miongoni mwa vilivyojulikana mapema katika mfumo huo.

Aidha, Sheria ya Trafiki imekuwa ikiharamisha kwa miongo mingi kuendesha barabarani gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu. Kwa hivyo Kenya haina upungufu wa sheria. Kilichokosekana ni kiungo kati ya sheria na spana.

Kwa nini nati hulegea

Watu wengi hudhani kwamba nati iliyolegea ni nati ambayo haikukazwa vya kutosha. Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara.

Nati hushikilia kwa kuivuta bolti. Inapokazwa, bolti hunyooka kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho, na hamu yake ya kurudi katika urefu wake wa awali ndiyo inayobana vipande viwili pamoja. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu ya spana ndiyo huishia kuivuta bolti. Zilizosalia humezwa na msuguano, baadhi chini ya nati na baadhi ndani ya meno ya bolti.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa gereji za Nyeri, Karatina na Nanyuki. Meno yenye kutu, mchanga au rangi humeza nguvu zaidi, hivyo fundi huhisi kwamba nati imekaza ilhali bolti haijavutika inavyostahili. Meno yaliyopakwa grisi hufanya kinyume: nguvu ile ile huivuta bolti kupita kiasi, ikalegea au kukatika baadaye. Mkono wa fundi, hata uwe na uzoefu wa miaka 30, huhisi msuguano. Hauwezi kuhisi mvutano ulio ndani ya chuma.

Mnamo 1969, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nati hulegezwa zaidi na mtikiso unaosukuma vipande upande kwa upande kuliko ule unaoivuta bolti kwa urefu wake. Vipande vikiteleza hata kidogo, msuguano unaoizuia nati kuzunguka hupungua ghafla, na nati huanza kujifungua yenyewe polepole. Ndiyo maana washa ya springi, inayoaminiwa na mafundi wengi, haitoi kinga ya kutosha penye mtikiso wa aina hiyo.

Kwa magurudumu kuna jambo la ziada. Gurudumu likiondolewa kwa sababu ya pancha na kurudishwa, kutu na rangi zilizo kati ya gurudumu na kitovu chake husagika gari linapoanza kwenda. Nafasi hiyo ndogo hutosha kupunguza mbano. Watengenezaji wengi wa magari na malori kwa hivyo hushauri nati zikazwe upya baada ya takriban kilomita 50 hadi 100. Umbali huo ni mfupi kuliko safari ya kutoka Nyeri hadi Nairobi. Gari lililozibwa pancha Karatina na kuondoka mara moja kuelekea jiji kuu hufikia wakati wa kukazwa upya likiwa katikati ya safari, na abiria wote wakiwa ndani.

Injini inapocheza

Nati za injini zina hatari ya aina nyingine, kwa sababu dalili zake huzoeleka. Injini ya gari haifungwi moja kwa moja kwenye chasisi. Hukalia vishikizo vya chuma na mpira, ambavyo mafundi huviita mauntini, vinavyomeza mtikiso wake. Mpira huo huchakazwa na joto na mafuta yanayovuja. Ukishaoza, nati hubaki bila kitu imara cha kubana.

Kuanzia hapo uharibifu huongezeka kwa mpangilio unaotabirika. Injini hurukaruka inapowashwa na dereva anapoachilia klachi. Bolti, ambayo ilipaswa kubana, sasa hupigwa na kusukumwa kando, na tundu lake hupanuka na kuwa la umbo la yai. Mauntini nyingine hubeba mzigo usiokuwa wao. Mipira ya maji na mabomba ya mafuta huvutwa, kiungo cha bomba la moshi hupasuka, na gia huanza kuruka.

Katika matatu nyingi za abiria 14, injini iko chini ya viti vya mbele. Abiria anayeketi kando ya dereva huhisi mtetemo huo miguuni mwake, lakini huudhania kuwa tabia ya gari kuukuu. Dereva naye huuzoea kwa sababu huongezeka kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kukaza nati na kurudi barabarani. Nati iliyolegea mara moja huenda ilisahaulika. Iliyolegea mara ya pili inatoa ushahidi kwamba mpira umeoza, tundu limepanuka, bolti imevutika au meno yameliwa. Kuikaza bila kutafuta chanzo ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza kichwa.

Funzo la wavuvi

Mlima Kenya hauna bandari, ila una la kujifunza kutoka kwa watu wa Ziwa Victoria na wa pwani. Katika mashua, mtikiso wa injini hauishi, na maji huharakisha kutu. Injini ya ndani ikihama kidogo juu ya vishikizo vyake, mhimili unaozungusha rafadha hupinda, maji huweza kupenya, na nati hulegea zaidi. Injini ya nje isipobanwa barabara huweza kuchomoka na kuzama. Ndiyo maana wapo wanaoifunga pia kwa kamba au mnyororo.

Tofauti kubwa si ya vyuma bali ya uwajibikaji. Nahodha wa mashua ndogo mara nyingi ndiye mmiliki, ndiye fundi na ndiye atakayekuwa majini nati ikiachia. Haambiwi na mtu aikague. Maisha yake humwambia. Katika matatu, majukumu hayo yamegawanywa kati ya mmiliki aliye mbali, dereva anayekimbizana na muda, fundi anayelipwa kwa kazi, na mkaguzi anayeliona gari kwa dakika chache kila mwaka. Kila mmoja ana sababu ya kuamini kwamba mwingine ameitazama nati.

Hali hii si ya Kenya pekee. Mnamo Mei 10, 2002, treni iliacha reli katika kituo cha Potters Bar, kaskazini mwa London, na watu 7 wakafariki. Wachunguzi walibaini kwamba nati katika swichi ya reli zilikuwa zimelegea na nyingine kuchomoka. Usiku uliotangulia, mfanyakazi mmoja wa reli aliyekuwa akisafiri aliripoti kwamba treni iliyumba isivyo kawaida mahali hapo, lakini mafundi waliotumwa walielekezwa upande usiofaa wa kituo. Miaka 9 baadaye, mnamo 2011, kampuni inayosimamia reli za Uingereza ilitozwa faini ya pauni milioni 3.

Januari 5, 2024, ndege ya Boeing 737 MAX 9 ya shirika la Alaska Airlines ilipoteza kipande cha ubavu wake ikiwa angani. Wachunguzi wa Marekani walisema bolti 4 zilizopaswa kukishikilia hazikuwapo, na kwamba kazi ya kukifungua kipande hicho kiwandani haikuwa na rekodi. Nchi zenye mitambo ya hali ya juu zilinaswa na udhaifu ule ule unaoonekana katika gereji ya kando ya barabara: kazi imefanyika, lakini hapana aliyeandika nani aliifanya na nani aliithibitisha.

Nani hulipwa kwa kukagua?

Ili kuelewa kwa nini nati husahaulika, inafaa kutazama jinsi fedha zinavyogawanywa. Katika matatu nyingi, dereva na makanga hupaswa kumkabidhi mmiliki kiasi fulani kila siku, na ziada ndiyo riziki yao. Saa moja ndani ya gereji ni saa ambayo hakuna nauli. Dereva anayeegesha gari kwa sababu ya mtetemo hupoteza mapato ya siku. Anayeendelea hupokea mapato yake yote, na hatari huahirishwa.

Fundi naye hulipwa kwa kile alichobadilisha au kurekebisha. Akipita chini ya gari, akagusa kila nati na kukuta zote zimekaza, mteja hutoka akiuliza alicholipia. Kwa hivyo soko limempangia fundi bei ya kutibu, lakini halijampangia bei ya kuzuia.

Kumtwika fundi wa jua kali lawama zote hakutakuwa haki. Sekta hii ndiyo inayobeba uzito wa matengenezo ya magari nchini, na imefanya hivyo kwa muda mrefu ikitegemea uanagenzi badala ya madarasa. Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliivutia serikali katika umuhimu wake kupitia ripoti ya 1972, na serikali yenyewe ikatoa waraka maalumu wa sera kuhusu jua kali mnamo 1992. Hata hivyo, mafundi wengi bado hufanya kazi mahali pasipo na sakafu ya saruji wala shimo la kukagulia gari, na bila spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Chombo hicho hugharimu fedha ambazo fundi mmoja aghalabu hana sababu ya kuzitumia iwapo mteja hatambui tofauti.

Magari yenyewe huja yakiwa na historia. Kanuni za Shirika la Viwango la Kenya zinaruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka 8. Gari kama hilo likifanya kazi ya uchukuzi kwa mwongo mzima nchini, mauntini zake huenda zimebadilishwa mara kadhaa, nyakati nyingine kwa vipuri vilivyotolewa katika gari jingine.

Ukubwa wa hatari unazidi kubadilika pia. Upanuzi wa barabara kuu ya Kenol–Sagana–Marua, yenye urefu wa takriban kilomita 84, uliwapa wasafiri wa Nyeri njia pana na laini kuliko ile ya zamani. Barabara nzuri hupunguza mtikiso, lakini hukaribisha mwendo. Gurudumu linalochomoka katika kilomita 30 kwa saa huleta aibu. Linalochomoka katika kilomita 80 huleta msiba. Upande wa pili wa mlima, ajali ya basi lililotumbukia katika mto Nithi mnamo Julai 24, 2022 na kuua zaidi ya watu 30 ilikumbusha umma jinsi miteremko ya eneo hili isivyosamehe hitilafu yoyote ya gari.

Yanayowezekana

Suluhisho la kwanza halihitaji bajeti ya serikali. Nati ikishakazwa ipasavyo, huchorwa mstari mmoja wa rangi unaopita juu yake na kuendelea kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka, mstari hukatika. Dereva hahitaji spana kugundua hitilafu. Anahitaji macho na dakika chache kabla ya kuondoka stejini. Malori ya nchi nyingi hutumia pia vidokezi vya plastiki vyenye ncha, vinavyovalishwa nati za magurudumu kwa kazi hiyo hiyo.

La pili ni daftari. Chama cha ushirika chenye magari 30 au zaidi kinaweza kumwajiri au kumlipa fundi mmoja kazi ya kukagua tu, si kutengeneza, ili asiwe na faida yoyote ya kupata au kuficha ubovu. Kila gurudumu linaloondolewa na kila mauntini inayobadilishwa iandikwe: tarehe, gari, aliyefanya kazi na aliyethibitisha. Nati iliyotajwa mara mbili katika daftari hilo isikazwe tena hadi chanzo kijulikane. Spana ya kupimia, ambayo ni mzigo kwa fundi mmoja, ni gharama ndogo kwa chama.

La tatu ni ukaguzi wenyewe. NTSA ikitaka ukaguzi wa kila mwaka uwe na maana, mkaguzi adai kuona daftari hilo la miezi 12 pamoja na gari. Gari linaweza kukopeshwa mauntini nzuri kwa siku moja ya ukaguzi. Ni vigumu zaidi kukopesha rekodi ya mwaka mzima.

La nne ni elimu ya fundi aliye kazini. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mitihani ya ufundi kwa viwango, na Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi apate cheti bila kurudi shuleni miaka mitatu. Nyeri ina Chuo cha Kitaifa cha Ufundi na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Taasisi hizo zikipeleka mafunzo ya siku moja au mbili hadi kwenye gereji, kuhusu jambo moja tu la kukaza na kukagua nati, zitagusa maisha ya watu wengi kuliko makongamano kadhaa.

Wamiliki watasema kwamba gharama zimezidi: bima, mafuta, mikopo ya benki na ada za kaunti. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini mauntini iliyopuuzwa hatimaye hudai gia boksi, bomba la moshi na rejeta, na ratiba yake haimngoji mmiliki apate fedha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Abiria naye hana budi kuacha kunyamaza. Kanuni za Michuki zilifaulu pale ambapo msafiri alikataa kuketi katika gari lililojaa. Anayehisi sakafu ikitetemeka isivyo kawaida, au kusikia mgongano wa chuma kila gari linapoondoka, ana haki ya kumuuliza dereva na kuripoti kwa chama chenye gari hilo. Mfanyakazi aliyeripoti kuyumba kwa treni Potters Bar hakuwa amekosea. Waliokosea ni waliopokea habari yake bila kuhakikisha imefika mahali palipostahili.

Zaidi ya Wakenya 4,000 hufariki barabarani kila mwaka, na hakuna anayeweza kudai kwamba nati ndizo zinazowaua wengi wao. Nati ni kipimo. Nchi inayoweza kujua, asubuhi yoyote, ni nani aliyekagua gurudumu la matatu inayotoka Nyeri imejenga mfumo unaoweza pia kujua hali ya breki, usukani na dereva mwenyewe. Isiyoweza kulijibu swali hilo itaendelea kubandika stika, na kutuma rambirambi.